Rubani Roald Dahl
Roald Dahl, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, kisha akafunzwa urubani Nairobi Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, alikuwa akiipeleka ndege ya Gloster Gladiator kwa kikosi chake katika jangwa la Misri, jioni ya tarehe 19 Septemba 1940, ilipomdhihirikia kuwa mahali alipoelekezwa hapakuwa na kikosi wala kiwanja; na kwa kuwa petroli ilikaribia kwisha na giza linaingia, ikamlazimu kutua mchangani, magurudumu yakapiga jabali. Alipasuka fuvu, akapofuka kwa majuma kadhaa. Aliruka tena vitani huko Ugiriki, 1941. Mwaka uliofuata, akiwa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington, alichapisha gazetini kisa kilichodai kwamba ndege ile ya jangwani ilitunguliwa, dai lisilo sahihi ila lenye ladha. Na kwa kalamu hiyo akawa mtunzi mashuhuri wa hadithi za watoto.