Raha ya Kuwa Mwanagenzi: Kujifunza Lugha Ukubwani, Hispania na Rungwe

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na kwa methali hiyo watu wazima wengi wamejipatia udhuru wa kutojifunza. Sina nia ya kubishana na wahenga. Nataka kuonyesha tu kwamba mkavu naye hukunjika, na ya kuwa katika kukunjwa kwake imo raha ambayo samaki mbichi haijui. Ushahidi wangu wa kwanza nautoa katika maisha yangu, na wa pili katika historia ya Tukuyu, nyumbani kwa baba yangu.

Miaka michache iliyopita, umri wangu umekwisha kuvuka arobaini na shahada ya udaktari i mkononi, nilianza kujifunza Kihispania. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wangu. Katika juma la pili nilitaka kusema kuwa nimechoka, na neno lake ni cansado. Badala yake nikasema casado, yaani nimeoa. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka kuliko wote, maana maneno yote mawili yalikuwa kweli.

Haukupita muda nikaanza kukutana na jamaa. Mhispania amtajapo mtu asiye na jina husema fulano, nasi twasema fulani. Asemapo mpaka au hata husema hasta. Ushuru wa forodha hulipwa katika aduana, neno lililozaliwa tumbo moja na diwani yetu. Mezquino ni ndugu wa maskini, lakini ndugu huyu amepotea njia, kwa maana siku hizi huitwa hivyo mtu bahili. Sababu ya undugu huu ni historia. Waarabu na Waberberi waliingia Hispania mwaka 711, na ufalme wa mwisho wa Waislamu huko, Granada, ukaanguka mwaka 1492. Katika karne hizo karibu nane Kiarabu kilimwaga maneno huko, na kwa safari nyingine za bahari ya Hindi kilimwaga maneno hayo hayo katika pwani yetu. Mtoto hujifunza neno fulano kama neno jingine lolote. Mtu mzima hulipokea kama mtu aliyekutana ugenini na binamu asiyemjua. Hii ndiyo raha yake, naye huipata kwa sababu haanzi na mikono mitupu.

Raha hii si ngeni Rungwe. Mwaka 1891 wageni wa makundi mawili kutoka Ujerumani walifika katika nchi ya Wanyakyusa, ambao wao waliwaita Wakonde. Wamisionari wa Kanisa la Moravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga kituo chao Rungwe. Wale wa Misioni ya Berlin waliongozwa na Alexander Merensky. Huyu Merensky alizaliwa mwaka 1837. Basi alipoketi kujifunza lugha ya nchi hii alikuwa mtu wa miaka 54, mwenye sifa na vitabu. Walakini hakuja mtupu. Alikwisha kufanya kazi miaka mingi katika Transvaal, Afrika ya Kusini, ambako mwaka 1865 alianzisha kituo cha Botshabelo kati ya Wapedi. Aliyezoea ngeli za Kipedi hawezi kushangazwa sana na ngeli za Kinyakyusa, ingawa maneno yenyewe ni mengine.

Haikuwapo kamusi kamili ya kununua. Kila neno lilitafutwa kinywani mwa mtu. Mwaka 1899 ulichapwa muhtasari wa sarufi ya lugha hiyo ulioandikwa na Schumann, mmisionari wa Berlin, na mwaka 1914 Endemann akatoa mazoezi ya kwanza ya Kinyakyusa kwa wanaoanza. Msomaji wa vitabu hivyo huyaona majina ya waandishi katika jalada. Mama wa sokoni, mchunga ng'ombe na mtoto wa jirani, ambao bila subira yao hata ukurasa mmoja usingalipatikana, hawaonekani. Hao ndio waliokuwa walimu, na waliotawala nchi walikuwa wanafunzi. Nadhani ni katika jambo hili moja tu, enzi ile, ambapo mgeni alikubali kusahihishwa na mwenyeji kila siku.

Mfano wa pili ni wa miaka ya 1930, zama za Waingereza, wakati Tukuyu ilipokwisha kuacha jina lake la Kijerumani la Neu-Langenburg. Godfrey Wilson alifika kuchunguza maisha ya Wanyakyusa mwaka 1934, na Monica, mkewe, akaungana naye mwaka 1935. Kazi yao, kwa vipindi, iliendelea hata mwaka 1938. Monica alikulia Lovedale, Afrika ya Kusini, akisema Kixhosa tangu utotoni. Mxhosa husema umntu kwa mtu mmoja na abantu kwa watu. Mnyakyusa husema umundu na abandu. Hapa tena binamu walikutana. Safari hii jina la msaidizi halikupotea: Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, ametajwa na kupewa heshima yake katika kitabu cha mwaka 2013 juu ya Monica Wilson na wakalimani wake.

Katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Monica alilieleza kwa kirefu neno ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa furaha, mkila, mkinywa na kuzungumza. Wanyakyusa wa zamani waliishi katika vijiji vya marika: wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka kwa baba zao wakajenga vibanda vyao kando, na rika lile likakua pamoja hata uzeeni. Katika mazungumzo ya wenzi ndimo kijana alimopata amahala, yaani akili na busara. Basi kwa mawazo hayo lugha haikuwa kitu cha kujifunzia pembeni kwanza ili baadaye mtu aingie katika baraza. Baraza ndilo lililokuwa darasa, na anayekaa peke yake hapati lugha wala busara.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Mimi nilizaliwa na kulelewa pwani, na Kinyakyusa cha baba yangu sikukipata ila maneno ya kuhesabika. Katika likizo moja nilikuwa Tukuyu kwa shangazi yangu, akaingia mzee wa jirani. Nikamwambia, "Ugonile." Watoto wakacheka. Mzee hakusema neno. Shangazi akaniambia taratibu kuwa hivyo humwamkia mwenzangu, mtu mkubwa huamkiwa kwa wingi, "Mugonile." Yule mtu aliyecheka darasani kwa neno casado hakucheka siku ile. Nilikimbilia Kiswahili, nikakaa humo mpaka jioni.

Nilijiuliza sababu. Kosa ni kosa, na kicheko ni kicheko. Kwa nini kimoja kilikuwa utamu na kingine uchungu? Jibu ni kwamba katika Kihispania nilikuwa na ruhusa ya kuwa mtoto, kama Merensky alivyokuwa nayo, na Wilson pia, mgeni husamehewa. Katika nchi ambayo umri ndio mpango wa maisha, mtoto wa nyumbani mwenye mvi anayeamkia kama mtoto mdogo haonekani mwanagenzi. Huonekana mtu aliyepotea. Nadhani wenzetu wengi waliozaliwa mijini hujifunza Kifaransa au Kichina kwa furaha huku wakiogopa lugha za bibi zao, nao husema kuwa hawana wakati. Wakati wanao. Wasilokuwa nalo ni ruhusa, na hakuna wa kuwapa isipokuwa wao wenyewe.

Methali nyingine husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimwomba mjukuu wa shangazi, mwenye miaka minane, awe mwalimu wangu. Mkononi nilikuwa na kamusi ya Knut Felberg ya mwaka 1996, lakini yule mtoto alikuwa mkali kuliko kamusi. Kinyakyusa kina irabu saba, na sikio langu la Kiswahili lajua tano. Alinirudisha neno moja mara nyingi mpaka akaridhika, kisha akaenda kucheza.

Baada ya siku chache yule mzee alipita tena. Nilisimama nikasema, "Mugonile." Alinijibu kirefu, akavuta kigoda, akaketi. Nilielewa nusu tu ya maneno yake, lakini safari hii sikukimbia.