Shule na Karakana: Funzo la MIOME



Ndugu msomaji, huku kwetu Karungu, kando ya Ziwa Viktoria, usiku wa giza wavuvi wa omena hutoka na taa zao. Kijana wa miaka 15 akienda nao hupata hela za haraka. Asubuhi darasani anasinzia, na baadaye haendi kabisa. Rafiki yangu mmoja wa madrasa alipotea shuleni hivyo hivyo. Hakuwa mjinga. Alipenda kazi ya mikono, na nyumbani akaambiwa achague: kitabu au kazi. Najiuliza mpaka leo, nani alisema lazima mtu achague?

Tuangalie historia yetu. Zamani wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kupeleka watoto shule za misheni wasije wakabadilishwa dini. Hofu hiyo ilikuwa na sababu yake, lakini matokeo yakawa machungu. Kazi za ufundi zilizotaka elimu ya shule ziliwapita vijana wetu.

Ndipo mwaka 1948 ikaanzishwa Mombasa Institute of Muslim Education, maarufu kama MIOME. Shabaha yake ilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Waliochanga ni pamoja na Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Madhehebu mbalimbali, mfuko mmoja! Mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Wazee wale walielewa kwamba fundi naye anahitaji hesabu na kusoma.

Chuo kile hakikufa. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye wanafunzi wa dini zote.

Kuna funzo la pili, nalo ni la uchungu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, masomo ya ufundi yaliingizwa hadi shule za msingi. Wazo lilikuwa zuri, lakini karakana na vifaa vilitaka pesa, na mzigo ukawaangukia wazazi. Pasipo na vifaa, mtoto alisoma habari za randa bila kuishika. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Ufundi haufundishwi kwa chaki peke yake.

Basi sisi tufanyeje? Karungu haikosi mafundi. Kuna wa mashua, wa mashine za boti, washonaji, waashi. Hatuna haja ya kungoja jengo kubwa. Mzazi na fundi wanaweza kukubaliana: kijana aje Jumamosi na wakati wa likizo, siku za shule awe shuleni, usiku alale. Na fundi amfundishe kweli kupima, kukata na kuziba mashua kwa pamba, sio kumtuma chai na kumbebesha mbao tu.

Tusione haya. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme, na bado alikula jasho la mikono yake.

Rafiki yangu yule bado yuko ufuoni. Mdogo wake sasa yuko shule, na kila Jumamosi yuko kwa fundi mashua. Ramadhani hii tumwombee, na tuwafungulie wengine mlango huo.

Wabillahi tawfiq.