Ngoma Inapokuita kwa Jina



Kila msimu wa harusi ukikaribia, swali ni lile lile: nyimbo zipi zinafaa na zipi hazifai? Mara nyingi tunajibu kwa kutazama maneno na ala. Leo tutazame jambo jingine ambalo tunalisahau: nguvu ya wimbo kumlazimisha mtu afanye asilolitaka. Ili tulielewe, twende bara kidogo, mpaka Mwanza, kwa Wasukuma wa kando ya Ziwa Victoria. Watu hawa wanaijua ngoma kuliko wengi wetu.

Ngoma ya mtemi

Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, yapo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, yaani watawala wa zamani. Hizi hazikuwa za kuchezea. Zilikuwa alama ya mamlaka, na zilipolia watu walijua wanaitwa. Sisi wa visiwani hili si geni kwetu. Mwinyi Mkuu wa Unguja naye alikuwa na ngoma na siwa zake, na aliyezishika ndiye aliyehesabiwa mtawala.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Ngoma za watemi zikanyamaza, lakini watu hawakuacha kuitana kwa ngoma.

Jembe na wimbo

Wasukuma wana desturi ya kulima kwa vikundi. Vijana huenda shamba la mtu mmoja, leo kwako, kesho kwangu. Mpigaji ngoma hutangulia, majembe huinuka na kushuka kwa mdundo mmoja. Kutokana na kazi hii ikazaliwa Bugobogobo, ngoma maarufu ya majembe, ambayo mpaka leo wachezaji hurusha jembe hewani na kulidaka.

Ni jambo zuri. Wimbo unapunguza uchovu, na kazi ya siku tatu inakwisha asubuhi moja. Lakini wimbo huo huo ulikuwa pia fimbo. Mvivu aliimbwa, na aliyekaidi kikundi angeweza kutozwa faini au kutengwa na wenzake. Hakuna aliyehitaji kumpiga. Ilitosha asikie aibu yake ikiimbwa mbele za watu.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Maneno makali ukiambiwa chemba unaweza kuyajibu. Yakiimbwa na watu wengi kwa pamoja, utamjibu nani?

Vijiji vya 1974

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vikundi vya ngoma na kwaya viliimba sifa za chama cha TANU, za Mwalimu Nyerere na za kilimo cha pamoja. Wengi waliimba kwa imani ya kweli, na haki yao tusiwanyime. Walikuwa wametoka kwenye ukoloni uliowalazimisha kwa sheria ndogo ndogo za pamba na mifugo, na sasa waliimba nchi yao wenyewe.

Lakini Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuhamia vijijini ni amri, si hiari tena, na watu wote wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni ikafika Mwanza na Shinyanga. Watu waliacha mashamba, mbuga za malisho na makaburi ya wazee wao. Kuna nyumba zilizobomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Na kiongozi alipokuja kuzuru kijiji kipya, alipokewa kwa ngoma na nyimbo.

Fikiria mama aliyesimama katika kundi lile. Nyumba yake imekwenda, na mdomo wake unaimba shukrani. Huenda anashukuru kweli, huenda hashukuru. Aliyekaa jukwaani hawezi kujua, kwa sababu anayenyamaza peke yake kati ya waimbaji anaonekana mara moja.

Na sisi ukumbini?

Tusiwanyooshee kidole watu wa ziwani. Tazama kicheni pati zetu. Mshereheshaji anataja jina la shangazi, muziki unapandishwa, ukumbi mzima unageuka. Shangazi ana elfu tano mkobani, tena ya nauli. Atatoa, na atatoka akicheza huku anatabasamu. Hiyo si zawadi. Biharusi naye anaimbiwa mambo ya siri ya chumbani mbele ya mawifi, anainamisha uso, na watu wanapiga vigelegele wakidhani haya yake ni furaha.

Dini yetu haikuharamisha shangwe ya harusi. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Bi Rubayyi bint Muawwidh. Asubuhi ya harusi yake Mtume (S.A.W.) aliingia kwake, na wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwakumbuka wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akaingiza maneno kwamba yupo Mtume miongoni mwao anayeyajua ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo na aendelee na aliyokuwa akiyasema. Dufu halikuvunjwa, wala msichana hakufukuzwa. Neno moja liliondolewa, furaha ikaendelea.

Basi biharusi mtarajiwa, kaa na somo wako na mshereheshaji kabla ya siku yenyewe. Waambie nyimbo usizozitaka. Waambie pia asiitwe mtu kwa jina kutoa zawadi. Liwekwe sanduku mlangoni, kila mmoja atie alichojaaliwa. Na wewe mgeni, ukiona mwenzako ameinama wakati wote wanaimba, usipandishe sauti. Nenda kakae naye.