Homa ya Bonde la Ufa: Ugonjwa wa Siku Nyingi Usio na Dawa

Leo tunazungumza historia, lakini ni historia inayogusa zizi lako.

Wewe uliye Akheri au Nkoaranga, na wewe uliye chini kwenye tambarare za Kisongo, huenda unaukumbuka mwanzo wa mwaka 2007. Mvua zilikuwa kubwa tangu mwisho wa 2006. Mara habari zikaja kutoka wilaya ya Ngorongoro, humu humu mkoani Arusha. Kondoo na mbuzi wanatupa mimba. Watu wana homa kali, na wengine wanatokwa na damu. Ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa. Waliodhaniwa kuugua walifika 511, katika mikoa 10 ya nchi yetu. Watu 144 walikufa. Mijini watu waliogopa kula nyama, na mfugaji akakosa mnunuzi.

Ugonjwa huu haukuanza siku hiyo. Mwaka 1930, katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wanakondoo walikufa kwa maelfu, na wachungaji wao wakashikwa na homa. Wataalamu wa Kabete, Daubney na Hudson, pamoja na daktari Garnham, walichunguza. Mwaka 1931 walieleza kwamba ugonjwa unaletwa na virusi. Tena waliona jambo moja la ajabu: kondoo walipohamishiwa nyanda za juu, ugonjwa ulipungua. Wakaanza kumshuku mbu. Mwaka 1944 Smithburn na wenzake wakavipata virusi hivyo ndani ya mbu, katika msitu wa Semliki, Uganda.

Basi ndugu, sikiliza jinsi mbu huyu anavyofanya kazi. Hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayokusanya maji. Maji yakikauka, mayai hubaki hai miaka mingi, na mengine yamebeba virusi. Mvua kubwa ikifurika, yanaanguliwa. Ndiyo maana ugonjwa ulionekana nchini mwaka 1977, ukarudi 1997 na 1998 wakati wa mvua za El Niño, kisha 2007. Katikati ya miaka hiyo tunasahau.

Sasa utauliza: tangu 1931 mpaka leo, dawa iko wapi? Kwa mifugo ipo chanjo, iliyotokana na kazi ya huyo huyo Smithburn mwaka 1949, ingawa mnyama mwenye mimba akichanjwa kwayo anaweza kuitupa. Baadaye zikatengenezwa chanjo nyingine. Lakini kwa binadamu hakuna hata dawa moja iliyoidhinishwa ya kuua virusi hivi. Mgonjwa hupewa maji, damu na uangalizi tu. Chanjo za watu nazo bado zinajaribiwa.

Si kwamba hakuna aliyejaribu. Ugonjwa ulipozuka Saudi Arabia mwaka 2000, wagonjwa walijaribiwa dawa iitwayo ribavirini. Jaribio likasimamishwa, kwa sababu ya hofu kwamba inadhuru ubongo. Dawa nyingine, favipiraviri, iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya mafua makali, imewaokoa panya maabara. Lakini panya si mtu. Ili kuipima kwa watu lazima wagonjwa wawepo, na kabla wataalamu hawajajiandaa, mvua imekatika na ugonjwa umetoweka. Tena anayeugua zaidi ni mchungaji na mkulima mdogo. Mwenye kiwanda cha dawa hujiuliza nani atainunua, na lini.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ulinzi wako hauko duka la dawa. Uko zizini. Mbu huwaambukiza mifugo kwanza, na watu wengi huupata kwa kugusa damu, au mimba iliyotupwa, au kwa kunywa maziwa mabichi. Mvua zikizidi, na ukaona kondoo, mbuzi au ng'ombe kadhaa wanatupa mimba kwa mfululizo, usingoje. Mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo. Usishike kitoto kilichotupwa kwa mikono mitupu. Chemsha maziwa, pika nyama iive kabisa.

Najua lililo gumu. Ng'ombe anayekufa ni ada ya shule inayopotea, na moyo unakuambia umchinje upesi upate japo kidogo. Usimchinje, wala usimpeleke mnadani. Kisu hicho kinaweza kumleta mgonjwa ndani ya nyumba yako mwenyewe, na daktari hana dawa ya kumpa. Na serikali ikitangaza chanjo, peleka mifugo yako mapema, kabla mafuriko hayajafika. Mbu wakishajaa, umechelewa.

Hapo mwanzo ni kondoo waliotoa habari, kule Naivasha na hapa Ngorongoro. Safari ijayo awepo mtu wa kuisikia mapema, na mtu huyo uwe wewe.

Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.