Kipa wa Banyambala: Tukuyu walibeba ndoo 1986 na hakuna aliyekuwa na kamera

Ukiingia YouTube ukaandika Djigui Diarra, utashiba. Utaona alivyoruka, alivyotoka golini kama beki wa sita, alivyopiga pasi ndefu ikamkuta winga bila kugusa chini. Andika Aishi Manula, vilevile, bando lako litaisha. Sasa jaribu kumtafuta Mbwana Makata wa mwaka 1986. Mara nyingi utaletewa kocha mtu mzima, kasimama pembeni ya uwanja, anaeleza kwa nini vijana wake wametoka sare. Huyo huyo, enzi zake, alikuwa anakaa kwenye milingoti mitatu ya Tukuyu Stars, timu iliyofanya kitu ambacho mpaka leo wenye hela zao wameshindwa kukirudia.

Kwa wasiojua, tuanze hapo.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walikuwa ndiyo kwanza wamepanda kuingia Ligi Daraja la Kwanza, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa Tanzania Bara. Kawaida ya timu iliyopanda tunaijua wote: msimu wa kwanza unapigania usishuke, unashangilia sare na Simba kama umechukua kombe. Wao wakachukua kombe lenyewe. Msimu wa kwanza, bingwa. Yanga alikuwa bingwa 1985, Yanga akarudi kuwa bingwa 1987, na katikati hapo limekaa jina la mji ambao watu wengi wa Dar walikuwa wanausikia tu kwenye magunia ya viazi.

Orodha ya waliowahi kubeba ubingwa wa Bara bila kuwa Simba wala Yanga ni fupi mno. Cosmopolitan 1967, Mseto ya Morogoro 1975, Pan African 1982, Tukuyu 1986, Coastal Union 1988, Mtibwa 1999 na 2000, Azam msimu wa 2013/14. Ukitoa wachache wa zama za ligi ya Muungano, ndio hao. Na ukiangalia vizuri, Pan African ni watu waliotoka Yanga, Azam ana kiwanda nyuma yake, Mtibwa ana sukari. Tukuyu walikuwa na nini? Ndizi, chai, maziwa, na mvua.

Mvua hiyo nataka tukae nayo kidogo, maana kwa kipa si habari ya hali ya hewa, ni habari ya kazi.

Tukuyu iko mgongoni mwa mlima Rungwe, kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini ukielekea Kyela na mpaka wa Malawi. Wajerumani waliita pale Neu Langenburg, wakajenga boma lao, wakapenda ubaridi. Mvua yake inapita milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo maana chai inastawi na ndiyo maana ukienda na raba nyeupe utarudi na za kahawia. Kuna miezi mtu wa Rungwe haulizi kama itanyesha, anauliza itaanza saa ngapi.

Sasa mfikirie kipa hapo. Mpira wa miaka ile si hii mipira ya leo. Kombe la Dunia la Mexico, mwaka huo huo wa 1986, ndilo la kwanza kuchezewa mpira usio wa ngozi kabisa, ule wa Azteca. Kabla ya hapo ni ngozi, na kwenye viwanja vyetu ngozi iliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Ngozi ikinywa maji inakuwa nzito na inateleza kama sabuni ya mche iliyolala kwenye beseni. Kipa anayejifunza kudaka kitu cha namna hiyo, kwenye goli ambalo eneo lake la mbele ni tope, anajifunza mambo mawili ambayo kipa wa uwanja mkavu anayachelewa: usidake kwa mikono tu, weka kifua nyuma ya mpira, na usipokuwa na uhakika, piga ngumi mbali, mashabiki waseme watakavyo.

Kulikuwa na unafuu mmoja tu. Mpaka mwaka 1992 beki aliruhusiwa kumrudishia kipa wake mpira, kipa akaudaka kwa mikono, akatulia nao, akapoteza muda kidogo, akaupiga. Madogo wa leo mkiona mechi za zamani mnashangaa, "mbona kipa anashika?" Ilikuwa halali. Timu ngeni ikiongoza 1-0 ugenini, kipa ndiye alikuwa saa ya ukutani. Sidharau hata kidogo sanaa hiyo. Kutuliza mchezo huku uwanja mzima unakuzomea kunahitaji roho ya peke yake.

Halafu kuna safari. Kutoka Mbeya kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Miaka ile nchi ilikuwa imechoka: Mzee Mwinyi ameingia Ikulu Novemba 1985, vitu madukani vya kutafuta kwa foleni, mafuta shida. Timu ya wilayani inasafiri hivyo, inafika, inacheza na timu ambayo nusu ya jiji imekuja kuishangilia. Ndiyo maana jina lao la utani lilinoga. Banyambala. Kwa Kinyakyusa maana yake wanaume. Hawakujiita simba wala chui. Wanaume tu, basi.

Ndani ya kikosi kile kulikuwa na majina kama Godwin Aswile na Justin Mtekere, na wazee wa Mbeya wakianza kuyataja hawamalizi, maana kila mmoja ana lake. Mfungaji huwa anatajwa kwanza. Beki mkali anatajwa, tena kwa jina la utani. Kipa anatajwa mwishoni, kama mtu aliyekuwepo kwenye harusi lakini hakuna anayekumbuka alikaa meza gani.

Na hapa ndipo linaponiuma. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mwaka 1986. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi huku tukangoja mpaka miaka ya 90, ITV ilipoanza 1994. Kwa hiyo ubingwa wa Tukuyu uliishi redioni. Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti za kina Ahmed Jongo, betri unazianika juani zipate nguvu ya kipindi cha pili. Redio inamtendea haki mshambuliaji: "gooooli!" inatosha, kila mtu ameona. Lakini redioni kipa anafanyaje kazi? Alivyosogea hatua mbili kabla krosi haijapigwa, alivyompanga beki wake kwa kidole, mshambuliaji akaona hakuna njia akarudisha mpira nyuma. Mtangazaji hana muda wa kukuambia hayo. Atakuambia kipa amedaka. Sekunde moja, imeisha.

Mwaka huo huo, tarehe 22 Juni, dunia nzima ilimwangalia kipa mmoja akifungwa. Peter Shilton wa Uingereza, na mkono wa Maradona. Shilton aliichezea nchi yake mechi 125, rekodi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa kiume wa Uingereza aliyeifikia, na kwenye ligi akacheza mechi zaidi ya 1,000. Muulize mtu yeyote kijiweni Shilton ni nani. Atakuambia, "yule aliyefungwa kwa mkono." Kazi ya zaidi ya miaka 20, muhtasari wake ni goli ambalo hata halikuwa halali! Kwa hiyo kuna makipa wanaokumbukwa kwa kosa moja, na kuna wale wa kina Makata ambao hawakupigwa picha kabisa. Sijui ipi ina nafuu.

Baada ya ubingwa kikatokea kile kinachotokea siku zote. Kariakoo wakaja na mkoba. Godwin Aswile, kwa mfano, akaonekana na jezi ya Yanga. Huwezi kumlaumu kijana, mpira ni kazi na kazi inafuatwa iliko. Ila timu ya wilaya ikishatolewa nguzo mbili tatu, nyumba inabaki imesimama kwa kuzoea tu. Tukuyu Stars wakaendelea kuwepo miaka, ubingwa haukurudi tena, na leo ukisoma msimamo wa Ligi Kuu hawapo. Mbeya ikaendelea na Prisons, ikaja Mbeya City ikatikisa msimu wa 2013/14, ikaja Ihefu. Rungwe ikabaki na stori.

Makata yeye hakuondoka kwenye mpira. Akawa kocha, na angalia aina ya ukocha aliofanikiwa nao: kupandisha timu. Alliance ya Mwanza ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018, yeye alikuwa benchi. Dodoma Jiji ilipopanda 2020, yeye tena. Wengine wanafundisha timu zikiwa tayari juu, zina hoteli na basi lenye kiyoyozi. Yeye anapelekewa timu iliyo chini, anaambiwa itoe huko. Mimi naona mantiki ndani yake. Mtu aliyepanda na timu isiyo na jina na mwaka huo huo akavaa medali ya bingwa, atamwambia mchezaji wa daraja la kwanza "inawezekana" na haitakuwa maneno ya kwenye bango. Alishaiona kwa macho, akiwa nyuma ya wenzake wote kumi.

Tumpime na kipa mwingine aliyepitia nyanda za huku kizazi cha baadaye, Ivo Mapunda. Huyu mnamjua. Alipita Prisons ya Mbeya, Moro United, Yanga, akavuka mpaka kwenda St. George ya Ethiopia, akarudi, akaenda Kenya, Bandari kisha Gor Mahia. Mwaka 2013 Gor wakachukua ligi waliyokuwa wanaisubiri tangu 1995, na Ivo akiwa mmoja wa makipa wao. Desemba hiyo hiyo, michuano ya CECAFA, robo fainali, Kilimanjaro Stars na Uganda waliokuwa mabingwa watetezi: 2-2, penalti, Ivo akapangua, Uganda wakafunga mabegi. Wiki mbili baadaye, tarehe 21, yuko langoni mwa Simba kwenye Nani Mtani Jembe, Yanga anakufa 3-1. Mwezi mmoja huo! Kuna makipa wanastaafu bila kupata mwezi kama huo.

Lakini tazama goli la upande wa pili siku ile. Alikuwepo Juma Kaseja na jezi ya Yanga. Kaseja yule yule aliyewatoa Zamalek kwa penalti palepale Cairo mwaka 2003 akiwa Simba. Mechi ikaisha, maneno yote yakamwangukia yeye. Bongo kipa hafungwi, bwana. Kipa "ameuza". Straika akikosa magoli matano ana siku mbaya, kipa akikosea moja anaulizwa amelipwa shilingi ngapi. Hiyo ndiyo kodi ya kudaka Kariakoo, na wengi waliotoka mikoani wakiwa wazuri imewamaliza kichwani kabla ya magoti hayajachoka.

Ivo alikuwa na ngozi ngumu. Januari 2015, fainali ya Mapinduzi pale Amaan, Simba na Mtibwa 0-0. Dakika za mwisho kocha anamtoa Manyika mdogo, anamwingiza Ivo kwa ajili ya penalti peke yake. Mzee anaingia hajatoka hata jasho, anapangua ya mwisho ya Vincent Barnabas, 4-3, kombe. Na lile taulo lake alilokuwa anapenda kuliweka golini, ambalo wapinzani walikuwa wakilitazama kwa jicho baya kuliko walivyomtazama mwenyewe. Taulo la kufutia mikono, watu wakalitungia hadithi ndefu kama tamthilia ya Kituruki.

Ona sasa: penalti ile ya Barnabas ilionyeshwa moja kwa moja. Taulo lina picha. Mtoto wa miaka 18 anaweza kubishana kuhusu Ivo akiwa na ushahidi kwenye simu. Kuhusu kipa wa Banyambala hana cha kubishania, na ubingwa ule ulikuwa mkubwa kuliko Mapinduzi na Mtani Jembe zikiunganishwa.

Kwa hiyo wa Tukuyu, Katumba, Kiwira, Ushirika, Kyela, na nyie mlioko Dar ambao mkienda nyumbani mnarudi na ndizi nusu basi: kwenye masanduku ya wazee kuna picha. Nyeusi na nyeupe, kona zimeliwa na mende, timu imejipanga mistari miwili, wa mbele wamechuchumaa. Kipa utamjua kwa jezi, rangi yake haifanani na ya wengine. Piga picha kwa simu, muulize babu majina kutoka kushoto kwenda kulia, andika yote hata lile asilo na uhakika nalo, weka alama ya kuuliza pembeni. Na umuulize mwaka huo mvua ilikuwaje.