Tranka Lenye Feni

Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu ilizimika usiku wa Jumamosi, Kirumba, nikiwa nimebakiza asilimia kumi na mbili kumaliza kutoa video ya harusi. Sikuwa nacheza. Nalisema hili mapema kwa sababu mama aliamini, na bado anaamini, kwamba gemu ndiyo iliyoiua. Niliwasha tochi ya simu nikachungulia ndani kupitia kile kioo nilichokipenda kuliko kitu kingine chochote chumbani, nikaona feni ya mbele imefunikwa na blanketi la kijivu. Nikadhani ni vumbi. Nilipoligusa, lilikuwa na mabawa.

Mtu wa Mwanza haitaji maelezo zaidi. Kwa wengine: ziwa letu lina wadudu wadogo, membamba kama mbu lakini wasiouma, ambao wanakulia kwenye tope la chini kisha wanapanda wote kwa pamoja na kutoka majini wakiwa wingu. Ukiwa mbali unaweza kufikiri meli inaungua. Watafiti waliofanya kazi upande wa Uganda miaka ya 1950 walionyesha kwamba baadhi yao hufuata kalenda ya mwezi, wakitoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Bibi zetu walilijua hilo bila darubini. Jioni ya namna hiyo unazima taa ya barazani, unafunga dirisha, unakula gizani. Mimi nilikuwa nimenunua kasha lenye feni tatu zinazowaka rangi usiku kucha, nikaliweka dirishani, uso wake ukitazama ziwa.

Niseme ukweli, kasha lile nililichagua kwa macho. Nilikaa wiki tatu nikilinganisha prosesa, nikabishana na watu kuhusu ramu mpaka ndotoni, halafu kasha nikaliamua kwa dakika tano ndani ya daladala ya Igoma kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Likaja kwenye buti ya basi kutoka Dar es Salaam. Mbele kioo, ubavuni kioo. Hewa ilitakiwa kuingia kwa upenyo wa kidole kimoja pembeni mwa kile kioo cha mbele. Kidole kimoja, kwa mashine iliyojengwa kwa mkopo wa shilingi 400,000 wa mama kutoka VICOBA.

Pawasaplai iliungua. Tundu lake la kuvutia hewa lilikuwa chini ya kasha, na huko nako nilikuta blanketi jingine. Jumanne kaka wa bibi harusi alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi bila kuvua kofia, nikamrudishia malipo yake ya awali yote. Mama alikuwa jikoni akisikiliza. Hakusema neno, na ningependa angesema.

Nilibaki na mazabodi nzima, kadi ya picha nzima, sanduku la kioo ambalo sikutaka kulitazama, na wiki kadhaa bila kazi. Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kununua. Sanduku la kompyuta lilipataje umbo hili?

Mwanzo wake unaojulikana zaidi ni tarehe 12 Agosti 1981, IBM ilipotangaza kompyuta yake binafsi, modeli 5150. Lilikuwa sanduku la chuma lililolala mezani kama begi la safari, na kioo cha kutazamia kikaketi juu yake. Pawasaplai yake ilitoa wati 63.5. Kadi yangu ya picha, GTX 1660 Super niliyoinunua ikiwa imeshatumika, inakula wati 125 peke yake. Yaani kipande kimoja ndani ya sanduku langu kilitafuna karibu mara mbili ya umeme wa ile mashine nzima, na kila wati inayoingia inatoka ikiwa joto.

Mwaka 1984 IBM ikatoa modeli ya AT, na kampuni nyingine zikaiga mpaka mahali pa skrubu. Kuiga huko ndiko kulikozaa desturi tunayoishi nayo, kwamba mazabodi ya kampuni moja inaingia kwenye kasha la kampuni nyingine. Mwaka 1995 Intel ikaandika upya vipimo hivyo na kuviita ATX, miaka miwili baadaye ikaja ndogo yake, microATX, ambayo ndiyo ya kwangu. Matundu ya skrubu, dirisha la nyuma la kuchomekea nyaya, vyote vikapangwa. Zaidi ya robo karne imepita na vipimo bado ni vilevile. Sijui kitu kingine kwenye kompyuta chenye umri huo ambacho hakijatupwa.

Si kwamba hakuna aliyejaribu kukitupa. Joto lilipowazidi prosesa za Pentium 4, Intel yenyewe ilikuja mwaka 2004 na mpango mwingine ulioitwa BTX, uliomweka prosesa mbele kabisa ili apate hewa ya kwanza kabla haijapashwa na vingine. Kwa mawazo ya hewa tu, ulikuwa mpango mzuri. Miaka michache baadaye ukaachwa, kwa kuwa prosesa mpya zilipoa zenyewe na hakuna aliyetaka kubadilisha kila kiwanda. Kisha diski za DVD zikaanza kutoweka. Kasha la H440 la NZXT la mwaka 2014 liliondoa kabisa nafasi zake za mbele. Uso wa sanduku ukabaki mtupu. Wangeweza kuujaza matundu ya hewa. Wengi wakaujaza kioo, kwa sababu kioo kinapendeza kwenye picha. Wanunuzi wa namna yangu tuko wengi, na si wote wanaopanda daladala.

Hadithi hii yote, hata hivyo, ilipita bila sisi kwa muda mrefu. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mradi wa wizara ulikuwa umekula nyingi bila kuleta kilichotarajiwa. Kwa hiyo wakati vijana wa kwingine wakifungua masanduku yao kwa bisibisi na kujifunza kilichomo, hapa sanduku lenyewe lilikuwa haliruhusiwi. Marufuku ilikuja kulegezwa, lakini wengi wa rika langu hapa Mwanza tulifungua sanduku la kwanza likiwa limeshazeeka: kompyuta ya ofisi, imetumika Ulaya, ina stika ya idara fulani ubavuni. Dukani sanduku zima linaitwa sipiyu. Ukiulizia kasha tupu, muuzaji anakutazama kwa huruma: “Sipiyu isiyo na kitu ndani?”

Mimi pia ninayo moja kama hiyo chini ya kitanda, Dell OptiPlex ndogo. Nilifikiria kuhamishia kila kitu humo. Haiwezekani. Pawasaplai yake ina umbo lake yenyewe na inatoa wati 240, nafasi ya kadi ni ya kadi fupi tu, na mazabodi yangu haiketi kwenye matundu yake. Ilitengenezwa ikae ofisini miaka yake, iondoke ikiwa nzima. Hakuna aliyeitengeneza akiwaza kwamba kijana wa Kirumba atataka kuipasua.

Mjomba ndiye aliyeniokoa, bila kujua anaokoa nini.

Mjomba ni fundi bati Makoroboi. Mahali hapo pamepata jina kutokana na koroboi, vile vibatari vilivyotengenezwa kwa makopo, na mpaka leo ukipita kati ya wauza nguo utasikia nyundo kabla hujaona mafundi. Mafuta ya taa zamani yalivuka bahari yakiwa kwenye madebe, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yalipokwisha, debe likabaki: ndoo, koroboi, paa, kipimo cha mahindi. Mjomba alijifunza kazi mwishoni mwa miaka ya 1970, na ukimwuliza wakati gani alipata wateja wengi kuliko wote atakwambia ile miaka mibaya baada ya vita vya Uganda, madukani hakuna kitu. Watu walihitaji kikaango, na kikaango kilipatikana kwa nyundo yake tu. Sasa hivi anachouza zaidi ni matranka ya wanafunzi wa bweni.

Nilimkuta asubuhi anakunja mfuniko.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Mama yako kaniambia umeunguza nyumba.”

“Si nyumba. Kompyuta.”

“Yeye kasema nyumba.”

Nilimwekea mazabodi mezani juu ya kipande cha kadibodi. Aliitazama muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani. Kisha akachukua rula yake, ile ya chuma yenye futi na inchi, na hapo ndipo nilipopata furaha ya kwanza tangu ile Jumamosi. Vipimo vya ATX vimeandikwa kwa inchi. Mimi na simu yangu tulikuwa tumehangaika na milimita 158.75 kwa 44.45 za dirisha la nyuma. Yeye aliweka rula akasema, “Sita na robo, kwa moja na robo tatu,” akachora kwa msumari. Kilichomsumbua ni mazabodi yenyewe, inchi tisa na nukta sita kila upande. “Nukta sita ni nini? Ni nusu na kidogo?” Tukakubaliana ni nusu na kidogo, na matundu tukayahamisha kwa kupiga chapa ya mazabodi kwenye karatasi.

Si kwamba yote yalikwenda vizuri. Alitaka kufunga mazabodi moja kwa moja kwenye bati, imara, kwa ribiti. Nikamweleza kwamba mgongo wa mazabodi umejaa nukta za risasi zenye umeme, ikigusa bati inaungua papo hapo, na kwamba inasimama juu ya vinguzo vidogo vya shaba. Aliniuliza vinguzo viko wapi. Vilikuwa kwenye lile kasha la kioo, na ndiyo kitu pekee nilichokichukua humo mbali na feni, ambazo taa zake nilizikata. Bati la kwanza lilikuwa jembamba mno. Tulipojaribu feni, ubavu mzima uliimba. Debe tupu haliachi kuvuma, akasema, akacheka peke yake, akalirudisha na kukata jingine zito. Siku mbili zikapotea.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa mbele. Mimi nilitaka matundu makubwa ili hewa iingie. Yeye, aliyezaliwa Ukerewe na kuyaona mawingu ya wadudu kabla hajaona umeme, alitaka wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu. Wavu mwembamba unabana hewa, nikamwambia. “Basi uwe mkubwa,” akasema, akakata uso mzima wa tranka, juu mpaka chini, akabaki na fremu tu. Nilirudi nyumbani nikatafakari, nikaona ana haki. Kila kitundu kinapitisha hewa kidogo, ila ni vingi. Nikaweka feni mbili za kuingiza nyuma ya wavu na moja tu ya kutoa, ili hewa ya ndani isukume kutoka kwenye nyufa badala ya nyufa kuvuta wadudu kuingia. Wavu unatoka kwa skrubu nne za vidole, unapigwa brashi, unarudi.

Ziwa hili, kwa kweli, limezoea vitu vinavyokuja vipande vipande. Meli ya William Mackinnon ililetwa ikiwa mizigo na kuunganishwa Kisumu mpaka ikashushwa majini mwaka 1900. MV Victoria nayo ilitengenezwa Glasgow, ikaja vipande, ikaungwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Mjomba aliipanda akiwa kijana. Nilipomweleza kwamba tunafanya jambo lilelile alisema meli ile ilikuwa na mainjinia, akaendelea kugonga.

Pawasaplai mpya niliipata kwa kuuza lile kasha la kioo kwa mtu wa Nyegezi. Nilimwambia kuhusu wadudu. Akasema kwake atafunga dirisha.

Usiku wa kwanza niliiendesha kadi saa mbili mfululizo. Kwenye kioo ilikuwa ikifika digrii 88. Kwenye tranka ilisimama 73. Wiki tatu baadaye mwezi ukaandama na wingu likaja kutoka ziwani. Asubuhi wavu ulikuwa wa kijivu kabisa, nyuma yake feni safi. Mama alisimama mlangoni na ufagio, akautazama ule wavu, akasema deni la VICOBA limebaki shilingi 310,000.

Nilipokwenda Makoroboi kummalizia mjomba hela yake, aliniambia nilirudishe tranka, bado kazi haijaisha. Nililibeba kwa bodaboda, limefungwa kwa mpira, bila kitu ndani. Alikuwa ameandaa kopo la rangi nyeupe na brashi. Akaandika jina langu kwa herufi kubwa ubavuni, juu ya mahali pa kufuli, kama anavyoandika kwenye kila tranka linalotoka pale. Kisha akasimama, brashi juu.

“Na shule?”

“Mjomba, hii ni kompyuta.”

“Tranka haliondoki hapa bila shule.”

Akangoja. Rangi ikaanza kudondoka kwenye kiatu chake, nikamwambia aandike Kirumba.