Kuchelewesha Nyuzi za Himoglobini: Historia ya Molekuli Ndogo katika Tiba ya Selimundu Afrika Mashariki

Utangulizi

Protini zinaposhikamana isivyostahili huzaa maradhi. Katika ugonjwa wa Alzaima, protini zilizopoteza umbo lake hujenga nyuzi za amiloidi ubongoni. Selimundu si ugonjwa wa amiloidi: himoglobini yake huungana huku ikihifadhi umbo lake, na nyuzi hizo huyeyuka oksijeni inaporejea. Hata hivyo, ndiyo mfano wa kushikamana kwa protini unaoligusa eneo letu kwa uzito zaidi. Makala haya yanadai kwamba molekuli ndogo iliyofaulu hapa si ile inayoikamata himoglobini yenye kasoro, bali ile inayoipunguzia nafasi ya kuungana. Na kwamba usalama wake katika mazingira ya malaria ulithibitishwa kwa majaribio ya Afrika yenyewe.

Chimbuko la maarifa

Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa selimundu hutokana na himoglobini iliyo tofauti. Mwaka huohuo Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo kuhusu mtawanyiko wa hali hiyo miongoni mwa jamii za Uganda, naye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akakusanya sampuli za damu nchini humo. Mwaka 1954 Allison alieleza kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria.

Vernon Ingram alibaini baadaye kuwa kasoro ni ya asidi-amino moja: valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Kisha, mwaka 1974, Hofrichter, Ross na Eaton walionyesha kwamba nyuzi hazianzi papo hapo. Upo muda wa kusubiri, nao hurefuka mno ukolezi wa himoglobini hiyo unapopungua hata kidogo. Seli ikiwahi kurudi mapafuni kabla ya muda huo kwisha, husalimika.

Njia mbili za tiba

Njia ya kwanza ni kuifunga himoglobini yenyewe ili ing'ang'anie oksijeni. Katika miaka ya 1970 sianeti ilijaribiwa kwa lengo hilo, ikadhuru neva za wagonjwa, ikaachwa. Vokselota, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ilifuata kanuni inayokaribiana nayo. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa sokoni duniani kote kutokana na takwimu za vipindi vya maumivu makali na vifo, zikiwemo za majaribio yaliyohusisha wagonjwa wa Kenya.

Njia ya pili ni ya mzunguko. Haidroksiyurea, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, huchochea uboho kuzalisha himoglobini ya kijusi. Hiyo haiingii katika nyuzi, hivyo huizimua ile yenye kasoro na kurefusha muda wa kusubiri. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998.

Barani Afrika hofu ilibaki: je, ingezidisha malaria? Jaribio la Kampala lililochapishwa mwaka 2017, lililolinganisha dawa na kidonge kisicho na dawa, halikuona ongezeko hilo. Mwaka 2019 yakachapishwa matokeo ya watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji wa wagonjwa, matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Ikumbukwe kuwa watoto hao walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya tiba, si na kundi jingine.

Hitimisho

Kati ya idhini ya 1998 na ushahidi wa 2019 ilipita miaka 21, ilhali damu ya watu wa eneo hili ilikuwa imeichangia sayansi hiyo tangu 1949. Pengo hilo halikuletwa na ugumu wa kikemia. Lilitokana na swali la Afrika kuchelewa kuulizwa Afrika. Kigali, iliyo makao ya Wakala wa Dawa wa Afrika, inafaa kuwa mahali pa kulifupisha. Washauri wa sera wazingatie mambo mawili: upimaji wa watoto wachanga uende sambamba na upatikanaji wa haidroksiyurea kwa bei nafuu, na kila molekuli mpya ichunguzwe mapema miongoni mwa wagonjwa wanaoishi na malaria, kwa kanuni zilezile za usalama wanazozipata wagonjwa kwingineko.